Besi ya Yunisi

Kifuniko cha sufuria kilidondoka kwenye sakafu ya jikoni, kikazunguka mara moja, kikazunguka mara ya pili, kisha kikanyamaza ghafla. Kulikuwa bado giza. Kokusima, aliyelala chumba cha wageni, alifumbua macho na kusikiliza. Miaka kumi na tisa ya kupima masikio ya watu ilikuwa imemfundisha tabia za vitu vinavyoanguka. Kifuniko kikiachwa chenyewe huzunguka mpaka kichoke, na mwishoni hutetemeka kama mbuzi aliyenyeshewa. Hiki kilikatizwa. Kuna mtu alikuwa amekiwahi kwa kiganja ili mgeni asiamke.

Alijifunga kanga akaenda kumshukuru.

"Jamani, nimekuamsha," alisema Damari, mwenye nyumba, akijisugua kiganja. "Na nilikuwa natembea kama mwizi!"

"Hukuniamsha. Hii ndiyo saa yangu. Sikio la mtu hupimwa kabla dunia haijaanza kelele zake. Bibi ameamka?"

Damari akacheka. "Mama? Hajalala huyo. Yuko sebuleni tangu saa tisa, amejipaka mafuta ya alizeti masikioni. Nimemkataza, hasikii. Tena kuna kutosikia kwa kweli na kuna kwa makusudi. Yeye anayo yote mawili."

Bibi Sechelela, mama mkwe wake Damari, alikuwa na miaka themanini na mmoja. Alikaa wima kwenye kiti cha mbao, kitenge kipya kiunoni, mikono magotini, kama mtu anayesubiri kupigwa picha ya pasipoti. Nje, paa la nyumba lilikuwa limeanza kumwaga umande wake wa usiku ndani ya tangi, tone kwa tone. Huko Mvumi, tangu mvua zilipopungua, kila paa lilifundishwa kunywa hewa.

"Shikamoo, Bibi," alisema Kokusima, akijisogeza mbele ili midomo yake ionekane.

"Marahaba, Koku. Mbukwa, kama tusalimianavyo Wagogo! Lile jina lako refu limenitoroka jana ileile, nimebaki na mwanzo wake."

"Mwanzo unatosha, Bibi."

"Haya, masikio haya hapa. Mtu anatoka Bukoba kuja kutazama masikio yangu, nimpe makavu kama ngozi ya mbuzi?"

Kokusima hakumwambia kwamba kwenye mafuta vibandiko vya kupimia havishiki. Alichovya kitambaa kwenye maji ya uvuguvugu, akamfuta nyuma ya sikio la kulia, kisha la kushoto, polepole, kama mtu anayemwogesha mtoto. Bibi alifumba macho akaona raha. Akadhani ndicho kipimo chenyewe.

Kipimo kilipokuja hakikuchukua hata dakika kumi. Mlio mmoja baada ya mwingine, wa chini, wa kati, wa juu, na kila Bibi aliposikia aliinua kidole. Kwenye kioo cha kifaa cha Kokusima sikio lilijichora kama ramani ya nchi yenye milima upande mmoja na jangwa upande wa pili. Sauti za chini Bibi alizisikia kama binti wa miaka ishirini. Za juu zilikuwa zimekauka: ndege, kengele ya baiskeli, na zile herufi nyembamba zinazomfanya mzee aulize "unasema?" mara tatu.

"Nimefaulu?" aliuliza Bibi.

"Umefaulu kwa mguu mmoja."

"Basi nitaruka kimoja kimoja mpaka nifike."

*

Masanduku ya hedifoni yalikuwa matatu, na uchaguzi ulikuwa mmoja.

Hedifoni za miaka hiyo zilifungwa kwa mtu. Ndani ya mito yake mlikuwa na vibandiko vilivyogusa mfupa nyuma ya sikio, na kwa siku saba chombo na ubongo vilifundishana. Chombo kilijifunza mahali sikio lilipochakaa. Ubongo nao ulijifunza kwamba hivi ndivyo dunia inavyosikika, na baada ya siku ya saba haukukubali tena kufundishwa kingine. Mtu alifungiwa mara moja katika maisha yake. Ndiyo maana walikuwapo wachaguzi kama Kokusima, waliolala nyumbani kwa mteja, wakanywa uji wake na kusikiliza anavyoongea kabla ya kumwambia, mama, chukua hizi.

"Tuanze na hizi, zinaitwa Ngurumo," alisema, akimvika za kwanza. Akawasha wimbo wa kwaya.

Bibi aliruka kwenye kiti. "Yesu wangu! Lori limepita kichwani!"

"Ni besi hiyo, Bibi. Vijana wanaipenda."

"Kwaya yenyewe iko wapi?"

"Iko nyuma ya lori."

Bibi alicheka mpaka akajishika mbavu. Kokusima alizivua, akamweleza kama alivyowaeleza wengi. Besi nzuri huisikii ikikusukuma. Unaisikia imesimama mlangoni, unajua ipo, na watu wengine wanapita. Ikikukalia mapajani, hata ikiwa tamu, hutasikia wengine wanasema nini. Bibi alisikiliza kwa makini ya fundi.

"Kama ngoma kubwa," alisema. "Ikipigwa na mwenye pupa, waimbaji wanapiga kelele tu, hawaimbi."

Za pili ziliitwa Mizani. Hizo Kokusima alizipenda, ingawa hakusema. Ziliinua sauti za juu kiasi kile tu ambacho sikio la Bibi lilikuwa limepoteza, zikaacha za chini zilivyo, na kilichokuwamo kwenye rekodi kilitoka hivyo hivyo, bila kuongezwa chumvi. Kwaya ileile ilipopigwa, Bibi alinyoosha shingo.

"Kuna mwanamke anavuta pumzi," alisema kwa mshangao. "Kabla ya ubeti. Damari! Nimemsikia akivuta pumzi!"

Damari alikuja mbio na mwiko mkononi. Walitazamana wote watatu wakitabasamu, na Kokusima akadhani kazi imekwisha kabla ya chai.

"Sasa nipigie Yunisi," alisema Bibi.

*

Yunisi alikuwa dada yake mkubwa, marehemu kwa miaka arobaini. Katika kikundi chao cha ngoma ya muheme, ambayo kwa Wagogo hupigwa na wanawake, ngoma imebanwa katikati ya mapaja, Yunisi ndiye aliyekaa mbele na ngoma kubwa, na wanawake kumi na wawili nyuma yake, Sechelela akiwa wa mwisho kulia. Iliyobaki ni rekodi moja ya dakika nne, iliyochukuliwa kwa simu ya zamani kwenye harusi moja, miezi miwili kabla hajafariki. Damari alikuwa ameihamisha kutoka simu hadi simu kwa miaka yote hiyo bila kuambiwa, kila kifaa kilipokufa, kama mtu anayehamisha moto kutoka jiko hadi jiko.

Kwenye Mizani ilitoka nyembamba. Simu zile za kale hazikujua kunasa sauti za chini. Mikono ya Yunisi ilisikika kama mtu anayegonga kopo.

Uso wa Bibi ulishuka. "Ndivyo alivyobaki?"

"Simu ndiyo haikumchukua vizuri, Bibi."

"Na hizo za tatu?"

Za tatu ziliitwa Kamili. Kokusima alizitoa polepole. Kamili zilitazama rekodi, zikaona pengo, zikalijaza. Zilikuwa zimelishwa maelfu ya ngoma za dunia, na kwa kila mlio uliokosekana zilikadiria ungekuwaje. Sikio halikuweza kutofautisha kilichonaswa na kilichokadiriwa. Tofauti ilionekana kwenye kioo cha mchaguzi peke yake.

Pigo la kwanza lilipoingia, Bibi Sechelela alifungua mdomo. La pili, mikono yake ikainuka magotini. Kufikia dakika ya kwanza alikuwa amekaa ukingoni mwa kiti, mapaja yamebana ngoma ambayo haikuwapo, vidole vinaruka, machozi yanashuka mpaka kwenye kitenge kipya wala hana habari nayo.

"Ndiye," alisema kwa sauti kubwa, kama wasemavyo watu waliovaa hedifoni. "Ndiye huyu! Nifungie hizi, Koku. Nifungie sasa hivi."

Kokusima alitazama kioo chake. *Besi: asilimia sabini na moja imekadiriwa.*

"Tunywe kwanza chai, Bibi," alisema. "Sikio nalo linapumzika."

*

"Usimwambie," alisema Damari jikoni, akiukoroga uji ambao haukuhitaji kukorogwa. "Nimekiona kioo chako. Najua kusoma."

"Kanuni yetu yenyewe inasema nisimwambie," alijibu Kokusima. "Mchaguzi huzungumzia sauti. Kilichomo ndani ya sauti ni cha mteja."

"Basi umeshajibiwa. Dada Koku, huyu mama hajalia kwa furaha tangu nimeingia nyumba hii, na nimeingia nikiwa na miaka ishirini na mbili. Amemzika mume, amemzika mwanawe ambaye ni mume wangu. Ana miaka mingapi mbele? Mwache na ngoma yake."

Kokusima alichukua kikombe alichopewa. Damari alikuwa ameshaweka sukari moja, kama alivyomwona mgeni akiweka jana. Ni vigumu kumkatalia mtu anayekumbuka sukari yako.

"Nikuambie kitu," alisema. "Singida kuna mzee nilimfungia Kamili, ana rekodi ya mkewe akimwita ale. Sauti ilikuwa imekwaruzwa, Kamili zikaisafisha, akafurahi kuliko hata Bibi. Baada ya mwezi akavua, akapiga rekodi yenyewe kwa spika ya kawaida. Akaniita. Akaniambia, huyu mwanamke simjui. Nikamwambia ndiye, mzee. Akasema hapana, mke wangu ni yule wa kule ndani." Alikipuliza kikombe chake. "Siku saba zinatosha, Damari. Ubongo hauweki sauti mbili za mtu mmoja. Yule wa zamani anaondoka."

"Na akiondoka kuna ubaya gani, kama aliyekuja ni mtamu zaidi?"

Kokusima aliweka kikombe chini. Alikuwa amejiuliza swali hilo njia nzima kutoka Singida, na miaka miwili baadaye bado alikuwa akijiuliza. Alitoka uani, akakaa kando ya tangi la umande, akavaa Kamili za majaribio na kuipiga rekodi yeye mwenyewe. Ilikuwa nzuri. Besi ilisimama mlangoni barabara, ikawaacha waimbaji wapite. Kama kazi ya sikio, hakuwa amesikia hedifoni bora kuliko hizo. Kuku walipita miguuni pake bila mlio, na jua likapanda hadi usawa wa ukuta, naye bado amekaa.

Alichokuwa akikiona ni vidole vya Bibi vikiruka magotini. Je, vilikuwa vikimfuata Yunisi, au mashine?

Hapo ndipo aliposimama akaingia ndani.

*

"Bibi," alisema, akachuchumaa mbele ya kiti ili macho yao yakutane. "Ile besi ya asubuhi, sehemu kubwa si ya dada yako. Simu haikuichukua. Chombo kimekisia angepigaje, kikajaza."

Damari alisimama mlangoni, akageuza uso.

Bibi Sechelela alinyoosha kitenge magotini. "Najua," alisema.

"Unajua?"

"Sijui habari za kukisia. Ila nilisikia." Aliinua kidole gumba cha kushoto. "Yunisi hiki hakuwa nacho. Kilipondwa na mchi akiwa mwali. Sasa kwenye mzunguko wetu, pigo la saba linataka mkono wa kushoto wote, na gumba ndilo linalobeba. Yeye hakuliweza. Akifika pale alikuwa analiruka."

"Na asubuhi?"

"Asubuhi kalipiga. Kila mzunguko! Nikasema moyoni, kumbe huko aliko wamemponya kidole." Akacheka kidogo, kwa aibu. "Mzee akifurahi anakuwa mjinga, Koku. Ndiyo maana nililia vile."

Kokusima aliinamisha uso. Alitamani hata yeye asingejua. Lakini udadisi wake ulikuwa umeshainuka, na haukukubali kukaa. "Ngoma nyingine zilifanya nini pale? Walipiga kufunika lile pengo?"

"Wangefunika, si watu wangejua nani kashindwa?" alisema Bibi, kama anayemweleza mtoto jambo la wazi. "Mara ya kwanza nililiacha mimi. Sikupanga, mkono wangu ulikataa tu kupiga huku wa dada umetulia. Wiki iliyofuata akaliacha Foibe, aliyekuwa pembeni yangu. Kufikia mavuno tulikuwa tunaliacha sote kumi na wawili, mikono juu, kimya kama kanisani, halafu tunashuka pamoja. Hakuna aliyesema neno. Watu wakadhani ni mtindo. Wenzetu wa Handali wakaja kutuiga, wakaiga na pale! Wanaruka pigo hawajui wanaruka kidole cha nani."

Hata Damari alicheka, ingawa bado amekasirika.

"Naye alijua?" aliuliza Kokusima.

"Alikuwa anageuka. Palepale, kila mzunguko, anageuza kichwa nyuma kututazama. Basi."

Kokusima akamweleza habari ya siku saba. Hakuificha wala hakuipamba. Akisha kufungiwa Kamili, pigo la saba litakuwapo daima, hata akikumbuka kichwani bila chombo chochote. Yunisi atakuwa na vidole kumi. Atapiga vizuri, na besi itakuwa kama ile ya asubuhi, nzito, ya karibu. Akichukua Mizani, atabaki na kopo.

"Siwezi kukuchagulia hili," alimalizia. "Naweza tu kukusikilizisha tena."

"Nisikilizishe pale tu," alisema Bibi. "Pale pa saba."

Kamili kwanza. Pigo lilishuka, duara, la joto, na Bibi akafumba macho kwa utamu wake. Kisha Mizani. Kokusima alivaa jozi ya pili, akaunganisha, akaongeza sauti za juu kidogo zaidi kulingana na ramani ya asubuhi. Ta, ta, ta, likagonga lile kopo. Moja, mbili, mpaka sita. Halafu shimo.

Ndani ya shimo mlikuwa na kitu.

Kokusima alisimamisha, akarudisha. Alipozisikiliza Kamili asubuhi, pigo la kukisiwa lilikuwa limekikalia na kukifunika. Ulikuwa mchakacho mwepesi sana, wa juu, unaopanda, kama mvua ndogo inayogusa bati na kuondoka. Simu ile mbovu, isiyojua kunasa ngoma, ilikuwa imeunasa vizuri mno.

"Ni nini hicho?" alinong'ona. "Majani? Njuga?"

Bibi Sechelela alikuwa amekaa bila kutikisika. "Rudia," alisema. Ikarudiwa. "Rudia tena."

Mara ya nne aliinua mikono yake miwili juu, mitupu, iliyokunjamana, na akaishikilia hapo hewani.

"Bangili," alisema. "Ni bangili zetu, tukiinua mikono. Hiyo nzito ni shaba ya Foibe. Hiyo..." Alingoja mzunguko mwingine. "Hiyo inayochelewa ni mimi. Siku zote nilichelewa. Nilikuwa namtazama akigeuka."

Damari aliingia kutoka mlangoni, akaketi sakafuni, akaegemeza kichwa kwenye goti la mama mkwe wake. Bibi aliishusha mikono, mmoja ukatua kwenye nywele za mkwewe.

*

Walimfungia Bibi Mizani saa tisa alasiri. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: kubonyeza mara mbili, kusubiri taa ya buluu. Bibi alisikia paa la nyumba likilia kwa joto la jua, akauliza ni mnyama gani. Alimsikia jogoo, akasema amezeeka sauti. Alizunguka nyumba nzima akigonga vitu kwa kijiko.

Baadaye akaipiga rekodi tena, peke yake, dirishani. Kokusima, akipanga masanduku, aliona mabega ya Bibi. Yalikuwa ya mtu anayejaribu kupasha mikono kwenye jiko lililozimika. Lile kopo lilikuwa kopo. Besi ya asubuhi haikuwapo, na haitakuwapo.

"Unajuta, Bibi?"

"Kidogo." Hakugeuka. "Usinidanganye kwamba hii ni tamu kama ile. Ile nilimpata dada yangu mapajani kabisa. Nimemwacha mwenyewe, kwa mkono wangu."

"Ni kweli."

"Na ungenyamaza, nisingejua kwamba si yeye."

"Ni kweli pia, Bibi."

Damari aliubeba mzigo mzito mpaka barabarani bila kuombwa, akauweka ndani ya gari lisilo na dereva, akalifunika lile sanduku la Kamili kwa kanga ili jua lisilipige. Alikuwa bado hajaamua kama amemsamehe mgeni. Mtu anaweza kukubebea mzigo huku hajaamua.

Bibi Sechelela aliwafuata kwa hatua ndogo, hedifoni kichwani zimekaa juu ya kilemba kama taji la bibi harusi. Alisimama kwenye dirisha la gari akaushika mkono wa Kokusima.

"Siku ya saba itafika," alisema. "Labda nitakuwa nimezizoea bangili, labda nitakuwa nimekuchukia. Kwa sasa sijui, na nataka kujua. Usiniache nijue peke yangu, Koku. Uje tena."